Mfereji wa Mama Bluu

Jina la Mama Bluu hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, kwa sababu kucha zake zilikuwa na rangi ya bluu ya kufulia mwaka mzima, hata siku za harusi, hata siku aliyomzika mumewe. Kuna mtu aliwahi kumshauri avae glavu. Akamjibu kwamba yeye ni dobi, si daktari wa upasuaji, na kwamba nguo isiyoguswa na vidole haijafuliwa, imeloweshwa tu. Alikuwa na majibu ya namna hiyo, na wapo waliosema ana kiburi. Kweli alikuwa nacho, lakini kilikuwa kiburi cha kazi. Shati jeupe likitoka mikononi mwake, mwenye shati alilishika kwa ncha za vidole kama si lake.

Kazi yake aliifanya katika ua wa nyumba moja ndefu ya kupanga. Katikati ya ua palikuwa na bomba, na kuzunguka ua vyumba vya mafundi: fundi cherehani, fundi redio, na chumba cha mwisho kilichokuwa cha pasi na nguo zilizokwishanyooshwa. Kamba za kuanikia zilipita juu kutoka ukuta hadi ukuta, kiasi kwamba mtu mrefu hakuweza kuvuka ua bila kupigwa shavuni na mguu wa suruali ya mtu. Nyuma ya ukuta wa mwisho, kwenye kichochoro chembamba, alikaa Mzee Soli, fundi viatu. Alikuwa mzee mchangamfu, mchoyo wa gundi, na hodari wa kusikiliza mazungumzo ya upande wa pili na kuyajibu bila kualikwa. Watu wakiteta uani, sauti yake ilipanda juu ya ukuta: "Hapo sasa mnamwonea huyo!" Walimpenda sana.

Mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima, mjane, aliyeitwa Bibi Funguo kwa ule mtungo wa funguo aliokuwa akitembea nao kiunoni. Kabla hujamwona ulishamsikia. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa na sheria moja tu, na kila mpangaji mpya alisomewa akiwa bado hajashusha mizigo: "Ukiharibu hujui, utatengeneza. Ukiharibu unajua, utahama." Alipenda kuisema huku akizichezesha funguo. Ilikuwa sheria nyepesi, na watu waliikubali kwa sababu kila mmoja aliamini yeye ni katika wale wasiojua.

Mama Bluu alifanya kazi na mdogo wake. Mama yao alifariki mtoto huyu akiwa hajang'oa meno ya utoto, na kuanzia hapo dada ndiye akawa mama. Alimbeba mgongoni akifua. Alimfundisha kuandika kwa kipande cha sabuni juu ya jiwe la kufulia, wakimaliza wanamwagia maji na kuanza upya. Alimsomesha, akamwoza, na ndoa ilipovunjika akampokea bila kumuuliza swali hata moja, jambo ambalo kwa mwanamke mwenye ulimi kama wake lilikuwa zawadi kubwa. Mdogo mtu alikuwa mwongeaji tangu utotoni, mdomo wake hauna breki, na wote walimwita Chiriku. Hakuwa na siri wala kinyongo. Mama Bluu alikuwa akisema, "Huyu ukimwambia neno asubuhi, mchana unalikuta sokoni limeshavaa viatu." Alisema hivyo akicheka.

Sasa tuje kwenye maji.

Dobi wa kweli hana maji, ana maji mbalimbali. Mama Bluu alikuwa na maji ya kwanza, yenye sabuni na uchafu wote wa wiki, na hayo hakuyaruhusu kugusa udongo. Aliyabeba kwa karai mpaka kwenye tundu la maji machafu, hata mgongo ukimuuma. Alikuwa na maji ya pili. Halafu alikuwa na maji ya mwisho, ya kusuuzia, ambayo aliyaheshimu. "Haya unaweza kumwogeshea mtoto mchanga," alisema. Na kwa kuwa yalikuwa safi, aliyamwaga hapo hapo uani. Miaka yote jicho lake lilizoea kuyauliza maji swali moja tu, kama ni safi au ni machafu. Mengine hakuyauliza.

Yale maji safi yaliufanya ua kuwa tope. Shuka ikidondoka kwenye kamba, ilirudi kwenye karai tangu mwanzo. Fundi redio alivuka akiwa amekunja suruali mpaka magotini, analaani. Kisha siku moja Chiriku akateleza na beseni zima la nguo mbichi, akaangukia nyonga, akalia mpaka Mzee Soli akauliza huko nyuma kuna msiba gani. Alichechemea muda mrefu. Kila akichechemea alisema, "Dada, huu ua utaniua. Nakwambia utaniua."

Basi wakachimba mfereji. Ulikuwa mdogo tu, upana wa jembe, kutoka kwenye bomba kufuata mteremko hadi chini ya ukuta wa mwisho, ambako palikuwa na tundu la zamani la kupitishia maji ya mvua. Chiriku alishika jembe, Mama Bluu alisawazisha kwa mkono. Walipofika ukutani Chiriku akainuka, akajinyoosha kiuno.

"Dada, yakipita hapa si yanamwendea Mzee Soli?"

"Yanamwendea."

"Si atapiga kelele?"

Mama Bluu alifuta jasho kwa kiwiko. "Mimi nitajuaje? Maji ni safi. Yakimfaa yatamfaa, yakimuudhi atatuambia, mdomo anao. Mimi nachotaka ua ukauke, usije ukavunjika hiyo nyonga nyingine."

Wakacheka wote wawili. Hayo ndiyo maneno yaliyosemwa, na aliyeyasikia ni mtu mmoja tu.

Ua ukakauka. Na kule nyuma likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Mzee Soli alikuwa na mstari wa miche ya nyanya alioupanda kando ya ukuta, vijiti tu vya kutia huruma, vimekauka kwa sababu mzee hakuwa na nguvu ya kubeba ndoo. Baada ya mfereji, vijiti vikaamka. Vikapanda, vikatambaa, vikazaa nyanya nono mpaka mzee akawa anafunga matawi kwa kamba za viatu. Alileta sahani imejaa uani, akagawa chumba kwa chumba, uso unang'aa. "Mungu kanikumbuka!" alisema. "Uzee huu, jamani, Mungu kanikumbuka!"

Mama Bluu akachukua nyanya yake, akaigeuzageuza. "Na mimi niliyekuwa namwagilia, sipati hata asante?"

Ua mzima uliangua kicheko.

"Weee!" fundi redio alisema. "Umwagilie wewe? Ulikuwa unatupa maji yako!"

"Kwani ulijua?" fundi cherehani naye akadakia. "Usijipe sifa zisizokuwa zako, Mama Bluu."

Na aliyecheka kuliko wote ni Chiriku. "Dada ajue wapi! Alikuwa anawaza tope lake tu. Nilikuwepo mimi."

Bibi Funguo mwenyewe alicheka, funguo zikacheka naye. Mama Bluu hakukasirika. Ni kweli hakuwa akiwaza nyanya. Alikula nyanya yake, akarudi kwenye karai, na akili yake haikulirudia jambo lile, kwa sababu mtu haweki akiba ya utani.

Ukuta ule ulikuwa umepigwa plasta nzuri pande zote mbili. Ndani yake, kumbe, yalikuwa matofali mabichi ya udongo, hayajachomwa, kazi ya mtu aliyekufa zamani aliyetaka kumaliza haraka. Bibi Funguo aliirithi nyumba na plasta yake, hakuwahi kuuona moyo wa ukuta. Maji safi yaliingia chini ya plasta, taratibu, msimu wote wa nyanya. Asubuhi moja, watu wakiwa kazini, Mzee Soli alikuwa ameegemeza mgongo kama kawaida, anagonga kisigino cha kiatu, na ukuta ukakaa chini.

Hakufa. Lakini mkono wake wa kulia ulibaki chini ya matofali mpaka fundi redio na wengine walipoyainua, na vidole havikuwa tena vidole vya kushika sindano ya viatu. Mama Bluu alikuwa wa kwanza kufika na wa kwanza kuona kwamba tofali lililokuwa mkononi mwake linamomonyoka kwa unyevu. Alilitazama. Alielewa pale pale.

Alikwenda kumwona hospitali. Alibeba shuka aliyoifua na kuinyoosha mwenyewe, maana hakujua abebe nini. Mzee alikuwa amelala, mkono umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Mama Bluu alisema pole, akasema samahani, akasema kwamba hakujua. Mzee Soli, yule mzee wa kudakia maneno ya watu, alimwacha amalize. Mwishowe akasema, "Maji yalikuwa yanakuja kwangu kila siku, mama. Kila siku. Utasemaje hukujua?"

Akamgeuzia kisogo. Mama Bluu aliikunjua shuka, akamfunika miguu, akatoka.

Bibi Funguo akaitisha kikao. Walikaa uani kwenye viti vya kila namna, kamba zikiwa tupu juu yao, kwa sababu Mama Bluu hakufua siku hiyo. Pengo la ukuta lilikuwa wazi, na kupitia pale kila mtu aliona kiti cha Mzee Soli, nyundo yake chini, na ile miche ya nyanya iliyolaliwa na kifusi. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuambiwa kitu kibaya kimetokea. Walikuwa wanakitazama.

"Nitauliza jambo moja," Bibi Funguo alisema. Hakuchezesha funguo. "Mama Bluu, ulijua au hukujua?"

Angesema hapana tu, pengine ingekwisha. Lakini alikuwa mtu wa kunyoosha mambo, nguo na maneno. "Nilijua maji yanakwenda upande ule," alisema. "Kwamba ukuta utaanguka, sikujua."

"Kama ulijua yanakwenda, basi ulijua," alisema fundi redio.

"Mbona wakati wa nyanya ulisema sikujua?"

Mama Bluu alikuwa amemgeukia fundi redio.

"Maji ni yale yale," aliendelea. "Mfereji ni ule ule. Na mimi ni yule yule, kichwani mwangu hakikuongezeka kitu. Nyanya zilipozaa mkasema ajue wapi huyu, anatupa maji yake. Sasa mtu kaumia, mnasema nilijua. Nilijifunza lini? Nani alinifundisha katikati hapo?"

Hapo, kwa muda mfupi, ungedhani wamemwelewa. Fundi cherehani alitazama chini, akajishughulisha na uzi uliokuwa kwenye sketi yake. Kisha akasema kwa upole, upole ule unaoumiza, "Usichanganye mambo, Mama Bluu. Nyanya ni nyanya. Mtu ni mtu."

Wote wakaitikia kwa vichwa. Jibu lile lilikuwa halijibu kitu, lakini liliwatosha. Watu bwana! Wakishaona damu, wanataka pawe na aliyeona kabla yao.

"Mlipochimba ulikuwa na nani?" Bibi Funguo aliuliza.

"Na mdogo wangu." Mama Bluu akashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alikuwa amemsahau kabisa Chiriku, jinsi mtu anavyosahau kwamba ana mkono. Alimgeukia akitabasamu kidogo. "Muulizeni. Alikuwa na jembe mkononi. Waambie, mdogo wangu, nilisema nini."

Chiriku alikuwa amekaa karibu na pengo, macho yamemvimba. Tangu ajali alikuwa akimpelekea Mzee Soli uji na kumlisha kwa kijiko, maana mkono wa kushoto ulikuwa bado haujajua kazi. Alimwona akimwaga uji kidevuni na kuona haya. Alirudi kila siku akilia. Mama Bluu aliyaona hayo yote na kumpenda zaidi kwa ajili ya hayo.

"Nilimuuliza dada," Chiriku alisema, "nikamwambia haya maji si yanamwendea mzee? Akasema yanamwendea. Nikamuuliza si atapiga kelele? Akasema..." Akajifuta pua. "Akasema yakimuudhi atatuambia. Mdomo anao."

"Na kabla ya hapo?" Mama Bluu alisema. "Kabla ya hapo nilisema nini? Malizia."

"Ndivyo ulivyosema, dada."

"Nilisema yakimfaa yatamfaa."

Chiriku alimtazama. Alikuwa anajaribu, hilo lilionekana. Alikunja uso kama mtu anayetafuta sarafu gizani. Neno hakulipata. "Hilo silikumbuki," alisema. "Nakumbuka ulisema yatamuudhi. Na ulikuwa unacheka."

"Tulikuwa tunacheka!"

"Dada alijua," Chiriku alisema, na sasa alikuwa akilia waziwazi, akimwambia Bibi Funguo. "Mimi nampenda dada yangu, amenilea, lakini nikimwangalia mzee wa watu siwezi kusema uongo. Alijua."

Laiti angekuwa anadanganya. Mama Bluu alimjua mdogo wake akidanganya tangu akiwa mtoto wa kuiba sukari: alikuwa anasugua sikio. Hakusugua sikio. Alikuwa anasema kweli yake yote, kutoka moyoni, na ndani ya kweli hiyo nusu ya sentensi ilikuwa imekufa bila mtu kuiua. Adui akikuuza, unajua pa kupeleka hasira. Huyu alimgeuka kwa machozi safi kabisa, na hakujua kwamba amemgeuka.

Mama Bluu hakusema neno jingine. Kwa mwanamke yule, hilo peke yake lilitosha kuwafanya wengine waseme, mnaona, hana la kujibu.

Bibi Funguo alitoa hukumu yake, akazishika funguo kwa kiganja zisilie. Mama Bluu atahama. Ukuta atajenga mwenyewe Bibi Funguo, safari hii kwa matofali ya kuchoma. Na kwa kuwa nguo za wateja zilikuwa zimejaa chumba cha pasi, na wateja hawana kosa, Chiriku ataendelea na bomba, na kamba, na chumba.

Mama Bluu alikuwa akifunga makarai yake kwa kamba Chiriku alipomfuata. Jua lilikuwa la alasiri, ua umekauka vizuri, unatembea bila kunyanyua nguo. Karai kubwa, lile aliloanzia kazi, lilikuwa limeshaingia ndani ya karai jingine. Chiriku alisimama mbali kidogo. Mikono yake ilikuwa imelowa. Alishaanza kufua.

"Dada."

Mama Bluu aliendelea kufunga.

"Sikujua atasema mimi nibaki. Wallahi sikujua. Nilisema nililoulizwa, basi. Nilikuwa namuwaza mzee. Hata sikufika huko kwenye mambo ya bomba na chumba."

Kamba ilikuwa ngumu, imezoea kuning'inia juu na nguo, haikutaka kufungwa fundo. Mama Bluu aliivuta kwa meno. Alimfahamu mtoto huyu kuliko mtu yeyote duniani. Alijua kwamba Chiriku, akiwaza jambo moja, la pili halimwingii. Alijua kwamba pale kikaoni aliona mkono wa mzee na hakuona kitu kingine. Kama angeulizwa na mtu wa nje, siku nyingine yoyote, angesema bila kusita: mdogo wangu hana hila, ajue wapi.

Akainua kichwa. Nyuma ya Chiriku, juu ya kamba zake mwenyewe, zilikuwa zinaning'inia shuka za wateja wake mwenyewe, hazijakamuliwa vizuri, zinadondosha maji.

"Ulijua," alisema.

"Dada, haki ya Mungu..."

"Uliijua sheria ya nyumba hii. Ulijua nikitoka atabaki nani. Ulijua."

Aliyasikia maneno yake yakitoka. Aliyasikia vizuri sana, kama yanasemwa na fundi redio, kama yanasemwa na mzee kitandani. Kuna nafasi ilipita hapo, fupi, ambayo mtu angeweza kuyarudisha. Chiriku aliingoja, mdomo wazi, amelowa mpaka viwikoni.

Mama Bluu alijitwika makarai, akapita katikati ya shuka, na hakuyarudisha.